Kibarua wa Miaka Mitatu

Februari mwaka huu nilikaa kwenye veranda ya nyumba moja ya wageni hapa Dodoma, mtaa sitautaja, nikiwa na daftari la kaunta mapajani. Mwenye nyumba alikuwa ameniita nimsaidie kuweka sawa vitabu vyake kabla ya Bunge la Bajeti, ule msimu wa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni ambapo mjini hapa hata stoo ikitiwa kitanda hupata mteja. Hesabu za vyumba zilikuwa safi. Za gesi, maji na umeme, safi. Ukurasa wa mishahara ulikuwa na watu wanne: meneja, mpishi, mlinzi na binti wa mapokezi. Nikamuuliza, na yule mama anayepiga deki koridoni?

"Aa, yule si mfanyakazi, kaka. Yule ni kibarua tu."

"Ameanza lini?"

Akakuna kichwa. Aliyejibu ni mama mwenyewe, dekio mkononi, bila kugeuka: "Machi hii natimiza miaka mitatu, mwanangu."

Nimeshika vitabu vya biashara ndogondogo katika mji huu tangu kabla haujaitwa jiji, na kabla ya 2018 mji ulikuwa mdogo kiasi kwamba unaweza kumjua mfagiaji wa kila ofisi kwa sura. Nilichojifunza ni kwamba makosa ya mishahara ya wafanya usafi ni nadra kuanzia kwenye kikokotoo. Yanaanzia kwenye hilo neno. Mtu akishaitwa kibarua, mwajiri anajiona ameruhusiwa kuruka mkataba, kuruka NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kuruka likizo na saa za ziada. Tunazungumza mno juu ya kukosea kujaza fomu, wakati kwa watu hawa fomu yenyewe haijawahi kufunguliwa.

Na neno lenyewe lina historia ya kuchekesha. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku hiyo amefanya kazi, akakipeleka kwa mlipaji akapata haki yake. Yaani kibarua alikuwa ndiye mtu mwenye karatasi. Leo tumelipindua: kibarua ni yule ambaye hana karatasi yoyote, na siku bosi akiamka vibaya, kibarua kinaota nyasi na hakuna pa kuanzia kulalamika.

Sheria haijali tunamwitaje. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeorodhesha dalili kadhaa, na ikitimia hata moja tu, mtu huyo anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Je, unampangia namna ya kufanya kazi? Unampangia saa za kuingia na kutoka? Unampa vifaa? Anakutegemea wewe kwa riziki yake? Anamfanyia kazi mtu mmoja tu? Je, kwa miezi mitatu iliyopita amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi? Nilimpitisha mama wa koridoni kwenye maswali hayo na kila jibu lilikuwa ndiyo. Ndoo ya bosi, dekio la bosi, jiki ya bosi, aproni yenye jina la nyumba ya bosi.

Hiyo namba 45 inastahili kuangaliwa kidogo, maana watu wengi huichanganya. Inatokea mahali pawili. Kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, saa 45 ndiyo kikomo cha kazi ya kawaida kwa wiki, isiyozidi siku sita na isiyozidi saa tisa kwa siku. Kwenye kipimo cha nani ni mwajiriwa, saa 45 ni za mwezi mzima. Kwa hiyo dada anayekuja kufagia ofisi yako kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, siku tano kwa wiki, kisha anaondoka kwenda kuuza mboga Majengo, huyo naye karibu amefika. Ongeza Jumamosi na amefika kabisa. Ofisi nyingi za Area C na Kisasa zina dada wa namna hiyo, na sijui kama hata moja imewahi kumpigia hesabu.

Wajanja wanajua kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali huanza baada ya miezi sita. Kwa hiyo mwezi wa tano dada anaambiwa apumzike wiki mbili, kisha anaitwa tena "upya". Wamesoma nusu ya sentensi. Sheria inahesabu miezi sita kwa mwajiri yuleyule, iwe ni chini ya mkataba mmoja au mikataba kadhaa. Likizo nayo ina kamba kama hiyo: mtu aliyefanya kazi vipindi vifupivifupi kwa mwajiri mmoja ndani ya mwaka, vikijumlishwa vikazidi miezi sita, likizo yake ipo.

Kuna kipengele kingine ambacho ningependa kila mwenye gesti, zahanati na duka la jumla akibandike ukutani. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, yaani kazi gani, wapi, tangu lini, saa ngapi na kwa malipo gani, na kuyatunza kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Ikitokea kesi na mwajiri akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha dai unahamia kwake. Fikiria maana yake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Mfanya usafi anasema alikuwa akilipwa Sh300,000 na akifanya kazi siku saba. Wewe unajua ni Sh200,000. Huna mkataba, huna hati ya mshahara, ulikuwa unamtumia kwa simu, mwezi huu na ya kutolea, mwezi ule bila ya kutolea. Nani ataaminiwa? Ule ukosefu wa karatasi uliodhani unakulinda wewe, unamlinda yeye.

Twende kwenye kiwango cha mshahara, ambako vurugu ya mwaka huu ni kubwa kuliko kawaida.

Mei Mosi ya 2025 ilifanyika jirani zetu Singida, na hapo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, kuanzia Julai. Wafanya usafi wengi wa Dodoma walilisikia tangazo hilo redioni huku wakifuta meza za watumishi haohao. Oktoba ikaja habari ya sekta binafsi: kima cha chini kupanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tangu hapo nimeulizwa maswali ya aina mbili. Mfanyakazi anauliza kwa nini halipwi laki tano. Mwajiri anauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kama kweli sasa kila mfagiaji ni Sh358,322.

Wote wawili wamekosea. Laki tano ni ya utumishi wa umma, nayo haimhusu mfanya usafi aliyeajiriwa na kampuni binafsi hata kama anafagia wizara. Na Sh358,322 ni wastani wa sekta zote. Amri ya mishahara hupanga kiwango cha kila sekta peke yake, kuanzia benki na migodi huko juu hadi kazi za nyumbani huku chini, na mfanya usafi hufuata sekta ya biashara iliyomwajiri. Hakuna sekta inayoitwa "usafi tu". Mfagiaji wa hoteli ya kitalii ana kiwango chake, wa gesti ana chake, wa duka ana chake.

Hapo ndipo Dodoma inapokuwa na kosa lake la kienyeji, ambalo sijaliona sana kwingine. Serikali ilipohamia hapa kuanzia 2016, nyumba za kuishi zilianza kubadilika. Mbele imekuwa ofisi ya ushauri, nyuma familia inaishi. Au vyumba vitatu vya uani vimekuwa gesti isiyo na kibao. Binti aliyeletwa kutoka Kondoa au Mpwapwa kama dada wa kazi anaamka anaosha vyombo vya familia, kisha anafagia ofisi, kisha anatandika vitanda vya wageni, na mwisho wa mwezi analipwa kama dada wa nyumbani. Katika amri iliyoanza Januari 2023, mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida alikuwa na kima cha chini cha Sh60,000, wakati wa gesti alikuwa Sh150,000. Viwango vya sasa viko kwenye amri mpya na inabidi visomwe mstari kwa mstari, ila kanuni ni ileile. Ukimtumia kwenye biashara, mshahara wa jikoni haukufai kitu mbele ya mkaguzi wa kazi.

Sasa hesabu yenyewe. Nianze na ile inayoleta ugomvi: mshahara wa "mkononi". Mwajiri na mfanya usafi wanakubaliana Sh250,000 mkononi. Mwezi wa kwanza mwajiri anamsajili NSSF, anamkata Sh25,000, mama anapokea Sh225,000 na anaona ameibiwa. Kwa lugha waliyoitumia, ana haki ya kuona hivyo. Kama makubaliano ni 250,000 mkononi, mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, unaotakiwa kuandikwa ni Sh277,778. Humo asilimia 10 ya mfanyakazi ni Sh27,778, inabaki 250,000. Mwajiri anaongeza asilimia 10 yake, Sh27,778 nyingine, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kama Sh1,389, ambayo ni yake peke yake na haruhusiwi kumtoza mfanyakazi. Gharama halisi ya mtu wa "laki mbili na nusu" ni karibu Sh307,000 kwa mwezi. Ukitaka kumlipa, anza na namba hii. Ukianza na ile nyingine utamalizia kwenye ugomvi au kwenye udanganyifu.

Kuhusu PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, wafanya usafi wengi hawafikii kodi, kwa kuwa Sh270,000 za kwanza hazitozwi kitu, na kutoka hapo hadi Sh520,000 ni asilimia 8 ya ziada. Lakini kuna kakosa kadogo ninakokaona kila mara. Mtu mwenye mshahara ghafi wa Sh300,000 anakatwa Sh2,400, asilimia 8 ya zile 30,000 zilizozidi. Mhasibu amesahau kwamba mchango wa NSSF unatolewa kwanza ndipo kodi inapigwa. Toa 30,000, inabaki 270,000 kamili, kodi ni sifuri. Sh2,400 ni nauli ya daladala ya safari kadhaa kutoka Nkuhungu hadi mjini. Kwa mwaka ni Sh28,800, zimekwenda TRA, mamlaka ya mapato, bila TRA kuzidai.

Na kinyume chake kipo. Kuna wanaofagia sehemu mbili, asubuhi benki, jioni ofisi ya wakili. Kwa kodi, ajira ya pili hutozwa asilimia 30 moja kwa moja, bila ule msamaha wa 270,000. Binafsi naona ni kanuni iliyotungwa ikimfikiria mkurugenzi mwenye bodi tatu, ikamwangukia mama mwenye ndoo mbili. Ila ipo, na mwajiri wa jioni asiyeuliza "una kazi nyingine?" ndiye atakayeulizwa kwa nini hakukata.

Turudi kwenye veranda, kwa sababu hapo ndipo mimi mwenyewe niliaibika.

Daftari la mahudhurio la mama lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko la wenzake. Kila siku: kuingia saa 11, kutoka saa 7. Niliingiza kwenye jedwali la kompyuta kama kawaida yangu, 11:00 hadi 19:00, saa nane, ukitoa saa moja ya mapumziko zinabaki saba. Mara sita kwa wiki ni 42. Safi, ndani ya 45. Nikafunga. Ni pale mama aliposema kwamba akitoka huwahi kupika chakula cha mchana ndipo nikashtuka. Saa 11 yake ni ya alfajiri. Saa 7 yake ni ya mchana. Mimi nilizigeuza kuwa saa tano asubuhi hadi saa moja jioni, na kwa kuwa jumla ni saa nane vilevile, jedwali halikulia.

Jumla ni ileile, ila kuna saa moja iliyopotea ndani yake. Kwa sheria yetu usiku wa kazi unaanza saa mbili usiku na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Saa yake ya kwanza, kati ya kumi na moja na kumi na mbili, ni ya usiku kila siku ya Mungu. Mshahara wake ni Sh200,000. Ugawe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45 kupata wa saa: kama Sh1,026. Asilimia 5 yake ni shilingi 51. Bosi alicheka alipoisikia. Siku 26 kwa mwezi, miezi 36, ni kama Sh48,000. Alicheka kidogo zaidi.

"Na Jumapili, mama?"

"Jumapili nakuja nusu tu. Saa kumi na moja mpaka saa tatu, wageni wakiondoka."

Bosi akaacha kucheka, kwa kuwa niliomba kalamu tena. Mfanyakazi anatakiwa kupata saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Huyu anatoka Jumamosi saa saba mchana, anarudi Jumapili alfajiri baada ya saa 16, anatoka saa tatu, anarudi Jumatatu alfajiri baada ya saa 20. Hajawahi kupata 24. Kazi ya siku ya mapumziko inalipwa mara mbili ya kiwango cha saa, kwa hiyo saa nne za Jumapili ni zaidi kidogo ya Sh8,200. Kwa miaka mitatu, kama hakukosa Jumapili hata moja, na alisema hakukosa isipokuwa alipozika kaka yake Bahi, tunakaribia Sh1,280,000. Ile "nusu tu" ya Jumapili, ambayo hata mama mwenyewe aliitaja kama kitu cha kupita, ilikuwa nzito kuliko kila kitu kwenye daftari isipokuwa NSSF.

Kwenye makato nitapita haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa ni dhahiri. Glasi imevunjika, shuka limepotea, dada amechelewa, mwisho wa mwezi zinapungua elfu kumi. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara kwa kuamua tu. Kwa hasara, lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Faini ya kuchelewa imo kichwani mwa bosi tu. Sheria haina kitu hicho. Wala hakuna kumkata mtu bei ya glavu anazovaa ili choo chako king'ae.

Hadi hapa nimezungumza na mwajiri mdogo kana kwamba makosa yote ni yake. Nadhani sehemu kubwa zaidi ya tatizo, katika mji huu hasa, imekaa kwa mtu ambaye hana mfanya usafi hata mmoja kwenye orodha yake: mnunuzi wa huduma. Mtumba kumejaa majengo ya wizara, na pembeni yake kuna taasisi, vyuo, benki na mashirika, na karibu yote yanafagiliwa na kampuni. Taasisi inatangaza zabuni, kampuni zinashindana kwa bei, mwenye bei ya chini anachukua, na kila mtu anaamini mambo ya NSSF ni ya mzabuni.

Chukua hesabu ya mfano tu. Jengo linahitaji wafanya usafi sita, na zabuni imeshinda kwa Sh1,800,000 kwa mwezi. Kila mmoja analipwa Sh250,000 ghafi: 1,500,000. NSSF ya mwajiri: 150,000. WCF: 7,500. Kila mmoja ana likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka, na sakafu haiendi likizo, kwa hiyo lazima kuwe na wa kushika nafasi. Gawanya kwa miezi na ni kama 115,000. Tumefika Sh1,772,500. Zimebaki Sh27,500 za sabuni, jiki, dawa ya vyoo, glavu, vifaa, usafiri wa msimamizi na faida. Kumbuka pia kwamba mnunuzi anazuia asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, yaani 90,000, kwa hiyo fedha inayoingia benki kwa mwezi ni 1,710,000. Kampuni imeishiwa fedha mkononi kabla haijanunua kipande cha sabuni. Na hapo sijaweka mgonjwa hata mmoja, wala mjamzito, ambaye likizo yake ya uzazi ni siku 84 na malipo kamili.

Kitu lazima kikatwe. Swali ni kipi. Sabuni haikatwi, kwa sababu choo kikinuka mkurugenzi atapiga simu asubuhi hiyohiyo. Michango ya NSSF haina harufu. Inaweza kukosekana miezi kumi na nane na koridoni pasinuke chochote. Atakayeigundua ni mfanya usafi mwenyewe siku anakwenda kuomba fao la uzazi na kuambiwa michango yake haitoshi, au baada ya miaka mingi, anapotafuta miezi 180 ya pensheni na kukuta 40.

Kwa hiyo taasisi inayosaini mkataba wa bei hiyo ilikuwa na taarifa zote za kujua. Kima cha chini kiko kwenye gazeti la Serikali, asilimia za NSSF na WCF zinajulikana, na kuzidisha kwa sita si elimu ya chuo kikuu. Ningetaka kila kamati ya zabuni ipige hesabu hiyo ya nyuma ya bahasha kabla ya kumpongeza aliyeshusha bei, na kila hati ya madai ya mwezi ije na uthibitisho wa michango ya watu waliofagia, kwa majina, kabla cheki haijatoka. Mkaguzi wa kazi hatafika kila jengo. Mhasibu wa malipo wa taasisi anashika kalamu kila mwezi.

Jambo dogo kwa wenye biashara za kati, kabla sijarudi kwa mama. Tozo ya mafunzo ya ufundi, SDL, inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Kabla ya 2021 ilikuwa wanne. Nimekutana na biashara yenye "wafanyakazi wanane" ambayo ina wafagiaji wawili na mlinzi mmoja wasiohesabiwa kwa sababu ileile, ni vibarua. Nane na tatu ni kumi na moja.

Bosi wa ile gesti si mtu mbaya. Mtoto wa mama alipougua alitoa gari lake usiku kumpeleka hospitali, na mama anamwombea. Huo wema ndio unaofanya jambo liwe gumu kulizungumza, kwa kuwa kila ninapotaja haki yeye anasikia shukrani iliyokosekana. Lakini nilimwandikia zile namba kwenye karatasi moja. NSSF, asilimia 20 ya laki mbili kwa miezi 36: Sh1,440,000, kabla ya adhabu ya kuchelewesha. WCF, 36,000. Jumapili, 1,280,000. Saa ya alfajiri, 48,000. Likizo tatu zisizochukuliwa, tutazungumza. Na mshahara wenyewe kuanzia Januari, tufungue amri tuone mstari wa gesti unasemaje.

Alikaa nayo siku tatu, kisha akanipigia twende tukamsajili. Tulikwenda watatu, mama akiwa amevaa kitenge cha kanisani na kitambulisho chake cha NIDA amekifunga kwenye leso. Fomu ilikwenda vizuri mpaka kwenye kisanduku cha tarehe ya kuanza kazi. Bosi akashika kalamu, akaniangalia mimi, akaangalia kalenda ukutani. Akaandika tarehe moja, mwezi huu.

Mama akaisogelea fomu, akaisoma polepole, akiweka kidole chini ya namba.

"Baba," akamwambia, bila kupandisha sauti, "mimi nilianza kwako Machi ya 2023. Siku ile maji yalikuwa yamekatika, tukachota kwa jirani. Umesahau?"

Bosi akaomba fomu nyingine.